Jumamosi za Kirumba: shajara ya kujifunza wavuti ya kisasa kwa kuwafundisha wengine

Januari, kabla ya kuanza

Sharti la mradi huu ni moja. Chochote nitakachojifunza wiki hii kuhusu utengenezaji wa tovuti wa kisasa, Jumamosi nakifundisha. Nikishindwa kukieleza kwa mtu ambaye hajawahi kuandika kodi (maagizo ya kompyuta, si ya TRA), kinarudi kwenye daftari na hakihesabiwi.

Nimetengeneza tovuti tangu enzi za PHP na jQuery, zana za wakati huo, tulipokuwa tunapanga safu za ukurasa kwa `float` na kumwomba Mungu. jQuery ilitoka mwaka 2006 na imenilipia pango miaka mingi, kwa hiyo humu haitatukanwa. Ila wateja wa siku hizi wanakuja na maneno mengine: React (maktaba ya kodi ya kuchorea kurasa), komponenti (vipande vya ukurasa), ukurasa unaofunguka hata mtandao ukikata. Video za mafunzo nimeziangalia nyingi. Shida yake ni kwamba hazikuulizi kitu. Unaitikia kwa kichwa mpaka inaisha, bando nalo linaisha.

Mahali: chumba cha nyuma cha duka la steshenari, Kirumba, Mwanza, karibu na barabara ya kwenda soko la samaki la Mwaloni. Mwenye duka ni binamu yangu, na masharti yake ni kwamba mashine ya fotokopi isiguswe na luku tununue wenyewe. Wanafunzi: fundi simu wa Makoroboi, kijana aliyemaliza masomo ya biashara, binti anayetoka Sengerema (tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hana tena kisingizio cha feri), na mama mmoja mchuuzi wa dagaa ambaye wote tunamwamkia shikamoo kabla ya kufungua kompyuta.

Mama ndiye pekee aliyekuja na kazi mkononi. Wateja wake wa Dodoma na Dar wanampigia simu alfajiri kuuliza bei, naye anataka wawe wanaiangalia wenyewe. Basi huo ndio mradi wa darasa: ukurasa wa bei za samaki.

Januari, somo la kwanza

Mpango wangu ulikuwa kuanza moja kwa moja na React. Haukuvuka dakika kumi.

"Mwanangu," mama akauliza, "huo ukurasa ukishakamilika utakaa wapi? Kwenye simu yangu au kwako?"

Nikasema kwenye seva, kompyuta inayotunza kurasa. Fundi simu akadakia: "Na seva ipo wapi, Mwalimu?" (Ananiita Mwalimu kwa utani, lakini swali halikuwa la utani.)

Tukaacha React, tukachora njia ubaoni. Simu inaongea na mnara, mnara unaingia kwenye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, mkongo unashuka mpaka Dar es Salaam, na pale data inaingia baharini kwenye nyaya kama SEACOM, iliyowashwa 2009, na EASSy, iliyofuata 2010. Seva tuliyokodi iko Ulaya. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Tukikadiria njia kuwa kilomita 10,000, kwenda ni milisekunde 50 na kurudi 50, hapo hatujahesabu foleni za vifaa vya njiani.

Kijana wa biashara akashika kalamu, akaanza kupiga hesabu kama ya nauli. Kivinjari kinafungua muunganisho wa TCP: safari moja ya kwenda na kurudi. Kinakubaliana na seva juu ya usimbaji wa siri: kwa TLS 1.3 ya mwaka 2018 ni safari moja nyingine, kwa TLS 1.2 zilikuwa mbili. Kisha ndipo kinaomba ukurasa wenyewe: safari ya tatu. Milisekunde 300 zimekwenda na mteja wa Dodoma hajaona hata herufi moja. Kutafuta anwani kwa DNS bado hatujakuweka.

Nimekuwa nikipunguza ukubwa wa picha za wateja kwa miaka kwa sababu niliambiwa ni vizuri. Hesabu ya safari hizo sikuwahi kuipiga mpaka jana, nilipojua kwamba kuna mtu ataniuliza. Darasa likapitisha bajeti: ukurasa wote, pamoja na kila kitu chake, usizidi kilobaiti 100.

Februari

HTML (muundo wa ukurasa) na CSS (sura yake) zimekwenda haraka kuliko nilivyotarajia. Nimeyaandika yale tu yaliyozua mjadala.

Binti wa Sengerema alikuwa amesoma mahali kwamba majedwali yamepitwa na wakati, akataka kujua kwa nini mimi nimetumia `table` kwa bei. Kilichopitwa na wakati ni kutumia jedwali kupanga sura ya ukurasa, jambo tulilolifanya sote zamani. Orodha ya samaki, kipimo na bei ni jedwali halali, na `th` zake (vichwa vya safu) zikiandikwa vizuri, programu inayowasomea skrini wasioona inajua namba ipi ni ya nini.

Fundi simu hakuridhika na maneno, akawasha TalkBack, programu ya namna hiyo, kwenye simu ya Android na kuiweka mezani. Kitufe kilichoandikwa kwa `button` kilitangazwa kuwa ni kitufe. Kile alichokiunda mwenyewe kwa `div` (kisanduku kisicho na maana maalumu) na rangi nzuri kilisomwa kama maandishi ya kawaida, kiasi kwamba mtu asiyeona asingejua kwamba kinabonyezwa. Kisha tukaondoa `lang="sw"`, inayotaja kwamba lugha ni Kiswahili, kwenye ukurasa, na sauti ikalisoma neno "sangara" kwa matamshi ya Kiingereza hadi mwenye duka akaja kuuliza tunacheka nini. Hakuna aliyesahau `lang` tangu siku hiyo.

Gridi ya CSS iliingia Chrome, Firefox na Safari mwezi mmoja, Machi 2017. Niliwaeleza tulivyohangaika na `float` kabla ya hapo. Hawakuonyesha huruma yoyote. Wameandika mistari mitatu, safu zimejipanga, wamehamia kwenye jambo jingine.

Machi

JavaScript, lugha inayoufanya ukurasa utende kazi. Brendan Eich aliandika toleo lake la kwanza kwa siku 10, Mei 1995, akiwa Netscape, na baadhi ya maamuzi ya siku zile tunayalipia mpaka leo. Wanafunzi wanaipenda habari hiyo kwa sababu inawapa mtu wa kumlaumu.

Mwezi huu umekaliwa na swali moja la mama. Tulikuwa tunachota bei kutoka kwenye seva kwa `fetch`, na nikasema kwamba `await` inafanya kodi isubiri. Akanikatiza: "Ikisubiri, ukurasa si utaganda? Mbona naweza kuendelea kushusha chini?"

Nilikuwa nimetumia `await` kwenye kazi za wateja, na nilijua pa kuiweka. Lakini nani anaendelea kufanya kazi wakati sisi "tunasubiri", hilo ilibidi nilirudie nyumbani kwa wiki nzima. JavaScript ya ukurasa ina mtendaji mmoja. `await` haimsimamishi mtendaji. Inasimamisha fanksheni (kipande cha kodi) hiyo tu na kumwachia yeye ashughulikie mengine. Mtandao unashughulikiwa na kivinjari pembeni, na jibu likifika fanksheni inarudishwa kwenye foleni.

Jumamosi iliyofuata mama alilimaliza somo kwa njia yake. Mwaloni kuna karani mmoja wa mzani. Ambaye magunia yake hayajashushwa hazuii mzani. Anasogea pembeni, wengine wanapima, na yake yakifika anarudi kwenye foleni. "Ila karani akianza kupiga soga na mtu mmoja," akasema, "sote tumekwama." Hiyo ndiyo hali ya kitanzi kirefu, kodi inayojirudia-rudia na kugandisha ukurasa, na nikaandika mfano wa kitanzi cha namna hiyo hapo hapo ili waone.

Kisha nikawapa fumbo:

```
console.log("A");
setTimeout(() => console.log("B"), 0);
Promise.resolve().then(() => console.log("C"));
console.log("D");
```

Wengi walisema A, B, D, C au A, B, C, D. Inatoka A, D, C, B. Kodi ya kawaida inamalizika kwanza. Halafu Promise (ahadi za majibu) zilizokwisha kutimia zinahudumiwa zote, ndipo zamu inafika kwa `setTimeout`, kipima muda, hata kama umeiandikia sifuri. Kijana wa biashara alidai huo ni upendeleo, na sikumbishia.

Machi mwishoni: saa

Sikutarajia kwamba jambo gumu kuliko yote litakuwa saa.

Mama alitaka ukurasa uonyeshe bei iliwekwa saa ngapi. Kivinjari kina `Intl.DateTimeFormat`, ukikipa `sw-TZ` (Kiswahili cha Tanzania) kinakuandikia Jumamosi na Machi bila shida. Lakini saa ikatoka 09:00. Mama akaisoma, akakunja uso. "Saa tisa? Saa tisa mimi nilikuwa nimeshafunga." Alikuwa ameweka bei saa tatu asubuhi.

Somo la siku hiyo likatupwa, tukaandika hii (`%` inatoa baki la kugawanya):

```
const saaYetu = (h) => (h + 6) % 12 || 12;
```

Tuliijaribu saa moja baada ya nyingine ubaoni. Ya 7 inatoa 1. Ya 12 inatoa 6, saa sita mchana. Ya 0 nayo inatoa 6, saa sita usiku. Ya 18 ingetoa sifuri, na hapo `|| 12`, yaani "la sivyo, 12", inaiokoa: saa kumi na mbili jioni. Binti wa Sengerema aliuliza kwa nini sifuri igeuke 12 wakati hatujaandika `if` popote. Tukapoteza nusu saa tamu juu ya vitu ambavyo JavaScript inavihesabu kuwa si kweli: sifuri, maandishi matupu, `null`, `undefined`, `NaN`. Akatoa tahadhari mwenyewe: samaki mwenye bei sifuri tukitumia `||` atapewa bei nyingine kimya kimya. Ndiyo sababu mwaka 2020 lugha iliongezewa `??`, inayoangalia `null` na `undefined` tu. Hiyo `??` nilikuwa nimeisoma na kuipita.

Halafu ukaja ubishi wa maneno ya wakati. Alfajiri inaanzia wapi? Kijana alisema saa kumi na moja. Mama, ambaye hupokea mitumbwi, alisema saa kumi watu wameshaamka na hiyo ni alfajiri. Tumeandika kwa hesabu ya mama, kwa kuwa ukurasa ni wake. Ndani ya kodi saa inabaki ya mashine, na ya watu iko nje: `<time datetime="09:00">saa 3 asubuhi</time>`. Na usiku wa saa nane wa Jumamosi hatuandiki "Jumamosi usiku". Tunaandika "usiku wa kuamkia Jumamosi", vinginevyo mteja ataelewa usiku mwingine kabisa.

Fundi simu akataka kuongeza mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na sasa nyingi za sola, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu, kwa hiyo mzigo unapungua na bei inapanda. Mteja akijua kama tuko kwenye giza au mbalamwezi ataelewa bei bila kupiga simu. Hesabu yake ni fupi: chukua mwezi mwandamo unaojulikana, tarehe 6 Januari 2000 saa 18:14 UTC, toa kutoka sasa, gawanya milisekunde kwa 86,400,000 upate siku, kisha gawanya kwa 29.53 na uchukue baki: hizo ndizo siku zilizopita tangu mwezi uandame. Ukiandika tarehe hiyo kwa `Date.UTC`, Januari ni 0. Tabia hiyo ilirithiwa kutoka Java, na safari hii lawama hazikumwendea Eich peke yake.

Na shilingi. `Intl.NumberFormat` yenye `TZS` ilileta 5,000.00, kwa sababu kiwango cha ISO 4217 kinaipa shilingi yetu tarakimu 2 za senti. Darasani hakuna aliyewahi kudaiwa senti. `maximumFractionDigits: 0`, tukaendelea.

Aprili

Mvua, umeme unakwenda na kurudi. Tulifanya kazi kwa betri na hotspoti ya simu. Kidogo kimesonga.

Mei: React, hatimaye

Safari hii tumefika kwa sababu iliyoonekana kwa macho. Ukurasa ulikuwa na jedwali la bei, kisanduku cha kuchuja aina ya samaki, na jumla ya oda chini. Kila mteja alipobadilisha idadi tulilazimika kukumbuka kugusa sehemu tatu za skrini kwa mkono, na sehemu moja ilikuwa inasahaulika kila mara. React, iliyotolewa na Facebook mwaka 2013, inakutaka uieleze skrini inavyopaswa kuwa kwa data uliyonayo, na kazi ya kugusa sehemu ni yake. Niliposema hivyo mwaka jana kwenye usaili wa kazi nilikuwa nakariri. Sasa kuna watu wanne waliokwisha kuumia na njia ya zamani, na sentensi hiyo hiyo ikawaingia mara moja.

Kijana wa biashara aliandika `idadi = idadi + 1` kwenye kitufe. Akabonyeza, skrini kimya. "Namba imebadilika au haijabadilika?" Imebadilika, lakini React haijaambiwa ichore upya, na fanksheni ya komponenti ikiitwa tena kigeu kinaanza mwanzo. Tukaweka `useState`, inayoitunza namba na kuiambia React ichore upya. Akabonyeza, ikapanda. Akajiona ameweza, akaandika `setIdadi(idadi + 1)` mara tatu mfululizo ili kitufe kimoja kiongeze sado tatu. Ikaongezeka moja.

Hapo ndipo faida ya mradi huu ilipo. Kusoma, nilishasoma kwamba hali ya komponenti ni picha ya wakati mmoja. Lakini ilibidi nisimame na chaki nieleze kwa nini mara tatu ni moja: katika mchoro ule `idadi` ni 0, na itabaki 0 mpaka mchoro mwingine, kwa hiyo umeiambia React "weka 1" mara tatu. Ukiandika `setIdadi(x => x + 1)` unaipa kanuni badala ya jibu, na kila kanuni inapokea matokeo ya iliyotangulia. Tatu.

Na `key`, kitambulisho ambacho React inakidai kwa kila mstari wa orodha, la sivyo inatoa onyo. Nilikuwa naweka namba ya mstari, onyo linaondoka, maisha yanaendelea. Binti akauliza onyo hilo linatukinga na nini. Nikatengeneza jaribio usiku wa Ijumaa: mistari mitatu, dagaa, sangara, sato, kila mmoja na kisanduku cha kuandika idadi kisichoongozwa na React. `key` ikiwa nafasi ya mstari, andika 10 kwenye dagaa, kisha panga orodha kwa bei. Dagaa anashuka chini, 10 inabaki juu, sasa iko kwa sato. Mama hakuhitaji maelezo ya ziada. "Yaani mtu kaagiza dagaa, kapelekewa sato." Tukaweka kitambulisho cha samaki, 10 ikafuatana na dagaa wake. React inautambua mstari kwa `key`. `key` ikiwa nafasi ya mstari, anayekaa nafasi ya kwanza ndiye atakayerithi kila kilichoandikwa pale.

Bajeti ya kilobaiti 100 ikalalamika. React na sehemu yake ya kuchora ni makumi ya kilobaiti hata baada ya kubanwa, na sisi tuna ukurasa mmoja. Tumehamia Preact, mbadala mdogo wa React, inayojitangaza kuwa kilobaiti 3, na kodi yetu karibu yote imebaki ilivyo. Kwa mfumo mkubwa wa mteja mwenye kurasa nyingi ningebaki na React. Kwa bei za samaki, hapana.

Juni: mtandao ukikata

Baadhi ya wanaomuuzia mama wako visiwani upande wa Ukerewe, mtandao unakuja na kwenda. Service worker ni kodi inayokaa kati ya ukurasa na mtandao na kuamua itajibu kwa kilichohifadhiwa au kwa kipya. Inakubali kwenye HTTPS tu, isipokuwa `localhost`, na fundi simu aligundua hilo alipojaribu kuifungua kwa anwani ya IP ya laptopu yangu.

Sura ya ukurasa tumeihifadhi, inafunguka papo hapo. Kwenye bei palikuwa na ubishi mrefu. Kijana alitaka zionyeshwe za mwisho zilizohifadhiwa, bora kitu kuliko skrini tupu. Mama alikataa katakata: "Bei isiyo na tarehe ni ya kupiga watu." Tumekubaliana hivi: jaribu mtandao kwanza, ukishindwa onyesha za mwisho, na juu yake, kwa herufi kubwa kuliko bei zenyewe, iandikwe ziliwekwa lini. Sijawahi kuona mwongozo unaoanzia hapo. Yote niliyosoma yanaanza na mbinu za kuhifadhi, na suala la nani anadanganyika linakuja mwisho, likija.

Toleo jipya la service worker linasubiri mpaka kurasa zote za zamani zifungwe, na kwenye simu hakuna anayefunga kurasa. `skipWaiting` inalilazimisha, lakini ukurasa wa zamani unaweza kujikuta unaongea na mafaili mapya. Tumeweka kitufe: "Kuna toleo jipya, fungua upya."

Julai

Fundi simu amefundisha Git, zana ya kutunza kila hatua ya mabadiliko ya kodi, mimi nimekaa benchi la nyuma na binti. Amechagua Git kwa sababu kila simu anayofungua anaipiga picha kabla ya kung'oa skrubu, na aliliona wazo lile lile mara moja. Alipofika kwenye `rebase`, amri ya kupanga upya hatua hizo, niliuliza maswali mawili ya makusudi. La pili lilimrudisha nyumbani.

Kilichobaki kinatuumiza kichwa ni vipimo. Dagaa wanauzwa kwa sado, kwa gunia na kwa kilo. Nilidokeza tugeuze vyote viwe kilo ili vilinganishwe, mama akanyanyua mkono: sado ya waliokauka vizuri na ya wenye unyevu hazilingani uzito, na gunia inategemea lilivyoshindiliwa. Bei haina maana bila kipimo chake. Akauliza kama kompyuta inaweza kufanywa ikatae kabisa kulinganisha bei ya sado na ya kilo, mtu asipitiwe.

Swali hilo limenifungulia TypeScript, JavaScript iliyoongezewa ukaguzi wa aina za data, ambayo Microsoft iliitangaza mwaka 2012 na nimeikwepa tangu hapo. Aina mbili za namba hazitoshi, kwake namba ni namba. Nadhani kila bei inabidi iwe kitu chenye kiasi na kipimo ndani yake, na fanksheni ya kulinganisha ikubali viwili vya kipimo kimoja tu. Nasoma hilo wiki hii. Ijumaa nitapita Mwaloni na mama kuona gunia linavyoshindiliwa, kisha niandike mfano wa Jumamosi.